Sauti ya Pili: Kumkumbuka Cucu Katika Jubilii ya Kwaya Yetu

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wajukuu wake, mwanakwaya wa sauti ya nne, katika ibada ya shukrani ya miaka 50 ya kwaya

 

Kamati ya jubilii imenipa dakika kumi na tano nimzungumzie Cucu. Wengi wenu mlimwita Cucu wa Kwaya, na watoto wa Shule ya Jumapili walidhani hilo ndilo jina lake la ubatizo. Tulimzika miaka mitatu iliyopita, na siku ile mvua ilitunyima nafasi ya kusema yote. Leo sitasoma wasifu wake tena. Nitasema mambo manne: alikotoka, alichokataa, alivyoimba, na jambo moja lililotokea ndani ya kwaya hii ambalo vijana wengi hawalijui. Hilo la mwisho nimeliombea ruhusa kwa familia zote mbili zinazohusika, nao wakasema lisemwe.

Nianze na alikotoka. Cucu alikuwa Mwembu. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa tarehe 1 Januari, kama vitambulisho vya watu wengi wa rika lake, maana karani alipouliza siku hakuna aliyekuwa na jibu. Yeye mwenyewe alihesabu hivi: wanaume waliporudi kutoka vita vya Hitler, alikuwa ameshaota meno ya pili na anaweza kubeba mtungi mdogo wa maji. Nyumbani kwao kulikuwa upande wa Runyenjes, na wazazi wake walisoma kwa watu wa misheni ya Kigari, ile iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1910.

Akaolewa huku. Leo mtu hupanda matatu Runyenjes na kabla hajamaliza mazungumzo ya simu amefika Chogoria. Wakati ule bibi harusi alitembea. Alivuka Thuci, akavuka Ruguti, akavuka Nithi, kila mto na bonde lake, na kila kilima lugha ikibadilika kidogo. Alikuwa akituambia kwamba aliondoka kwao akisema Kiembu, Chuka wakamcheka, na alipofika Mwimbi hata yeye hakujua tena anasema nini.

Na kanisa nalo lilibadilika. Vijana, mnapaswa kujua kwamba wamisionari waliigawana nchi hii. Embu ilikuwa ya Waanglikana. Huku kwetu walikuwa Waskoti, waliofungua Chogoria mwaka 1922 na daktari wao Irvine. Ukienda mbele hadi Imenti ulikuwa kwa Wamethodisti wa Kaaga, walioanza mwaka 1912. Wakatoliki wa Consolata walikuwa kila mahali katikati. Kwa hiyo msichana akiolewa ng'ambo ya mto, dhehebu lilimngojea huko pamoja na mama mkwe. Cucu alisema jambo moja lilimfariji. Jumapili ya kwanza alipoingia kanisani hapa hakumfahamu mtu, lakini wimbo ulipoanza aliufahamu. Maneno yalikuwa yale yale ya Kikuyu aliyoyajua kwao. Watu wa hapa waliuimba polepole mno, akasema, kama wanaovuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Akaimba kwa mwendo wa Runyenjes. Mama mkwe akamgusa kwa kiwiko. Hakupunguza. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha.

La pili ni alichokataa. Mtu mchangamfu husifiwa kwa kicheko chake, na Cucu alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka faktori ya kahawa. Lakini sisi wa nyumbani tulijua pia neno lake la "hapana".

Wazee wanaukumbuka mwaka 1929 kwa kusimuliwa. Misheni ya Waskoti iliwataka Wakristo watie kidole gumba, kirore, kuapa kwamba wameachana na tohara ya wasichana. Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake. Kisha Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke pamoja na serikali ya mkoloni walipiga marufuku tohara hiyo Meru nzima. Mnajua kilichofuata. Wasichana walijikusanya wakatahiriana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Maelfu walishtakiwa na kutozwa faini. Cucu wakati huo alikuwa ameshaolewa, na wifi yake mdogo alikuwa miongoni mwa wasichana hao. Yeye ndiye aliyemuuguza.

Alisema alijifunza mambo mawili kando ya kitanda kile. La kwanza, kwamba msichana hakatazwi kwa askari. La pili, kwamba kitu kile hakitaingia tena nyumbani mwake. Binti zake walipofika umri, mabibi wa ukoo walikuja na kiondo, wakaketi, wakanywa uji. Cucu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba binti zake watafundishwa yote yanayofundishwa, na yeye mwenyewe atakuwa mwalimu, lakini wembe hautaguswa. Wakamuuliza nani atawaoa. Akajibu, "Anayetaka kuoa jeraha aende kwingine." Shangazi zangu wako hapa, wameketi safu ya tatu, na wote watatu waliolewa. Mwaka 1996 huko Gatunga, Tharaka, ilipofanyika ile sherehe ya kwanza ya kuwafundisha wasichana kwa maneno, Ntanira na Mugambo, habari zilimfikia akasema, "Wamechelewa, lakini karibu."

Hapana yake nyingine ilikuwa ya shamba. Wajomba na baba zangu walikaa siku moja wakagawana mashina ya kahawa kwa hesabu ya wana wa kiume. Cucu akawauliza ni nani waliokuwa wakiamka saa kumi usiku wakati wa kuchuma. Wakanyamaza. Akasema basi hesabu ianzwe upya, na waliochuma wahesabiwe. Sheria ya urithi ya Kenya ilikuwa imeshasema mtoto ni mtoto, lakini sheria ile haikuwa imefika kijijini kwetu. Ilifikishwa na Cucu. Haikuwa rahisi, na kuna Krismasi mbili ambazo baadhi yetu hatukula pamoja. Leo tunakula pamoja.

Sasa nije kwenye kwaya. Ilipoanzishwa walikuwa watu kumi na wanane na vitabu saba. Hapakuwa na sare. Akina mama walikubaliana kila mmoja avae kitambaa cheupe kichwani, na kama huna, uazime. Mwalimu wa kwaya aliwafundisha solfa kwa ubao wa shule, akiwapanga kwa sauti. Cucu hakujua kusoma vizuri, lakini alikuwa na sikio. Ukimwimbia sauti ya kwanza mara moja, yeye alikuwa ameshaipata ya pili. Alipendelea hiyo. Alisema sauti ya kwanza ni ya kila mtu, hata kuku anaiweza, lakini sauti ya pili inataka mtu anayemsikiliza mwenzake.

Alikuwa mtunza hazina kwa miaka mingi. Hazina ilikuwa mkebe wa Kimbo uliofichwa ndani ya debe la maharagwe, na hesabu ilikuwa kichwani. Mwaka wa ukame wa 1984, kwaya iliamua pesa za sare zinunue mahindi kwa familia zilizokosa, na Cucu ndiye aliyefungua mkebe. Sare zikangoja. Wale mlioimba wakati ule mnajua kwamba tulikwenda mashindano na nguo za nyumbani, na hatukushinda, na hakuna aliyejuta.

Alikuwa mkali wa saa. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa tisa. Ukifika saa tisa na nusu alikuuliza kama Bwana Yesu naye atasubiri ufunge vifungo. Lakini ukifika umelia, hakuuliza kitu. Alisogea kidogo kwenye benchi, ukakaa.

Na nisiseme kana kwamba hakukosea. Kinanda cha umeme kilipoletwa, aligoma. Alisema chombo kile kinaimba bila kuvuta pumzi, na kisichovuta pumzi hakimsifu Mungu. Akajiuzulu kwaya. Kwa karibu miaka miwili aliketi benchi la nyuma kabisa, akiimba sauti ya pili kwa nguvu kutoka huko, mpaka wageni wakawa wanageuka kutazama. Wazee walimwendea mara tatu. Mwishowe kijana aliyekuwa akipiga kinanda, ambaye leo ni mzee wa kanisa na anacheka pale, alimwendea peke yake na kumwomba kila Jumapili amchagulie wimbo mmoja ambao yeye atakaa mikono magotini asiguse kitu. Cucu akarudi Jumapili iliyofuata. Ndiyo maana mpaka leo tuna wimbo mmoja usio na kinanda. Vijana hudhani ni utaratibu wa dhehebu. Ni mapatano ya watu wawili.

Sasa jambo la nne, ambalo ndilo sababu ya kunisimamisha hapa.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, sisi Wameru na Waembu tuliwekwa fungu moja na Wakikuyu. Kuanzia mwaka 1954 watu walitolewa katika mashamba yao wakaingizwa vijijini, nyumba zikabanana, na kando ya msitu wa Mlima Kenya wanawake wakachimbishwa mtaro ili waliomo msituni wasipate chakula. Katika boma moja ungeweza kumkuta ndugu mmoja homgadi na mwingine msituni. Kwetu ilikuwa hivyo. Babu yangu, mume wa Cucu, alikuwa homgadi. Alibeba mkuki kwanza, kisha bunduki, akasimama juu ya mtaro wanawake wakichimba chini. Mmoja wa wanawake wale waliochimba alikuwa mama ambaye mume wake alikuwa msituni. Mume huyo hakurudi. Aliuawa, na mwili wake ukachukuliwa, na mjane hakuambiwa ulizikwa wapi.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Musa Mwariama na wenzake wakatoka msituni. Watu wakarudi mashambani, wakapanda kahawa, wakasomesha watoto, wakaja kanisani. Hakuna aliyezungumza. Mnawajua wazee wetu. Mtu anaweza kukaa na neno miaka thelathini akilitafuna kama muguka asiomeza.

Kisha kwaya ikaanzishwa, na mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa mgeni na hakujua historia ya mtu yeyote, akapanga watu kwa sauti. Cucu akawekwa sauti ya pili. Mjane yule naye akawekwa sauti ya pili. Nimesema vitabu vilikuwa saba. Watu watatu, wakati mwingine wawili, walishika kitabu kimoja. Wanawake wale wawili walishika kitabu kimoja karibu mwaka mzima bila kusalimiana. Mmoja alishika upande wa kushoto, mwingine wa kulia. Mjane alijua kusoma na Cucu hakujua vizuri, kwa hiyo mjane ndiye aliyefungua ukurasa. Alinisimulia mwenyewe kabla hajafa. Alisema jambo lililomkera zaidi ni kwamba sauti zao zilipatana.

Jumamosi moja baada ya mazoezi, watu wakikunja mabenchi, mjane yule alimwuliza Cucu swali moja. Hakumtukana. Alimwuliza, "Mume wako anajua wangu walimweka wapi?"

Cucu hakujibu. Alirudi nyumbani. Baba yangu alikuwa mvulana mkubwa wakati huo na anakumbuka kwamba usiku ule moto haukuzimwa. Cucu alimwuliza Babu. Babu akasema mambo yale yalikwisha. Cucu akamwambia yamekwisha kwa nani. Babu akanyamaza siku nne. Cucu hakumnyima chakula, aliweka sahani na kuondoka, na nyumbani kwetu hakukuwa na wimbo kwa siku nne, jambo ambalo baba anasema lilikuwa baya kuliko kelele. Siku ya tano Babu alivaa koti lake la Jumapili na kuchukua panga, akasema, "Mwite."

Walitembea watatu, na baba yangu nyuma yao, mpaka penye kingo za mto, juu ya mahali palipokuwa kambi ya ulinzi. Babu akaonyesha. Palikuwa pameota mihindi ya mtu. Alisema waliwekwa pale watano, na aliwataja aliowajua. Kisha akavua kofia. Mjane alikaa chini. Alikaa muda mrefu. Baba anasema alitarajia kusikia kilio, au laana, na alimwogopea Babu. Badala yake alisikia Cucu ameanza wimbo. Alianza sauti ya kwanza, yeye ambaye hakuipenda kamwe, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuianza. Baada ya ubeti mmoja mjane akaingia na sauti ya pili.

Msidhani walikuwa marafiki tangu siku ile. Mjane aliniambia wazi kwamba Babu hakumsamehe siku hiyo, wala mwaka ule. Alisema alimsamehe kidogo kidogo, kama mtu anayelipa karo. Lakini Jumamosi iliyofuata alimsalimia Cucu, na alipofungua kitabu alikisogeza upande wake ili aone vizuri. Na ni yeye aliyemfundisha Cucu kusoma sawasawa, kwa kidole, mstari kwa mstari, katika kitabu kile kile. Babu alipofariki, mjane yule alikuja mazishini, akasimama na kwaya akaimba. Wana wa familia hizo mbili waliketi katika kamati moja ya harambee ya paa hili mnaloliona juu yenu. Mimi nimemposea mdogo wangu katika boma lile.

Wapendwa, nimeombwa niseme somo. Katika barua ya pili kwa Timotheo, mtume anamtaja nyanya wa Timotheo kwa jina, Loisi, kabla ya kumtaja mama yake. Anasema imani ilianzia kwake. Imani ya Cucu wetu ilianza katika wimbo, na alipoulizwa swali gumu hakuliepuka kwa kuimba zaidi. Alikwenda nyumbani akatafuta jibu, ingawa jibu lilikuwa kitandani mwake. Kuimba kulikuja baadaye, pale mihindini. Nadhani mpangilio huo una maana kwetu. Tunapenda kuimba umoja katika ibada za pamoja, hasa mwaka wa uchaguzi, na kisha kila mtu anarudi kwa watu wake. Wanawake wale walishika kitabu kimoja kwanza, wakaulizana, wakaonyeshana, ndipo wakaimba.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa kwaya, na nitaketi.

Kwanza, tuwarekodi wazee. Cucu alikufa na nyimbo ambazo hakuna aliyeziandika, za Kiembu alizokuja nazo, na namna ya kuziimba. Nimejaribu kukumbuka mbili na ninaikosa sauti ya pili katika zote. Bado tunao akina mama wanne walioimba naye tangu mwanzo. Simu kila kijana anayo. Jumamosi hii waende, wakiwa na sukari na majani ya chai, wakae, wasikilize.

Pili, wimbo wa bila kinanda usifutwe. Najua una gharama. Tukiimba hivyo makosa yetu husikika. Acheni yasikike.

Tatu, mwalimu wa kwaya aendelee kupanga watu kwa sauti, asitazame ukoo, wala chama, wala nani amekosana na nani juu ya mpaka wa shamba. Najua katika kwaya hii leo kuna watu wawili, sitawataja, wanaoimba sauti moja na hawajasalimiana tangu mwaka jana. Vitabu sasa ni vingi na kila mtu ana chake. Ningependa kamati ifikirie kuwapunguzia.

Mungu aibariki kwaya yetu katika miaka 50 ijayo, na awabariki nyote. Bwana asifiwe.